NAMBA ILIYOPOTEA DAFTARINI
Jinsi wastani unavyoweza kuirudisha, na wakati usipoweza



Kila msimu wa karafuu unapokwisha, madaftari ya matawi huletwa ofisini yasomwe na kujumlishwa, na kila msimu hapakosi ukurasa mmoja au miwili iliyoingia maji, au iliyoliwa na mchwa, au iliyopata doa la wino mahali pasipotakikana. Safu nzima husomeka toka juu mpaka chini, ila mstari mmoja tu. Na chini ya safu hiyo karani wa tawi ameandika wastani kwa hati safi kabisa. Hapo ndipo watu huulizana: Je, wastani huo waweza kuturudishia namba iliyopotea?

Jawabu letu ni kwamba waweza, tena pasipo kubahatisha, lakini kwa masharti. Masharti yakitimia, namba hurudi kamili kama ilivyoandikwa siku ya kwanza. Masharti yasipotimia, kitakachorudi ni namba ya kubuni iliyovaa nguo za hesabu, nayo ni mbaya kuliko mahali patupu, kwa sababu mahali patupu kila mtu apaona, lakini namba ya kubuni haionekani.

Wala mtu asidhani kuwa jambo hili ni la watoto wa shule peke yao. Mstari ule uliofutika una jina la mtu, na mtu huyo alikesha akichambua karafuu, akazianika, akaziwahi mvua, akazibeba mpaka penye mizani. Akiandikiwa pungufu amedhulumiwa yeye. Akiandikiwa zaidi wamedhulumiwa wenziwe, kwa kuwa fedha za kugawana ni zile zile. Kwa hiyo yatupasa tulijue jambo hili vizuri, sisi wa ofisini na ninyi wa matawini pia.

WASTANI NI KITU GANI

Wastani ni fungu ambalo kila mmoja angelipata kama jumla yote ingaligawanywa sawasawa. Ili kuupata, twajumlisha namba zote, kisha twagawanya kwa idadi ya namba zenyewe. Basi wastani umebeba jumla ndani yake, kama kifuu kilivyobeba nazi. Ukiuzidisha wastani kwa idadi, jumla hutoka tena. Hiyo ndiyo siri yote ya maneno haya, na yatakayofuata ni kuifafanua tu.

Tuchukue mfano wa mchumaji mmoja. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na kila jioni karani huandika pishi alizoleta. Mchumaji wetu alifanya kazi siku sita, Ijumaa akapumzika. Daftari lasema hivi:

Jumamosi: pishi 12
Jumapili: pishi 17
Jumatatu: pishi 15
Jumanne: (doa la wino)
Jumatano: pishi 9
Alhamisi: pishi 18
Wastani kwa siku: pishi 14

Kwanza twazidisha wastani kwa idadi ya siku: 14 mara 6 ni 84. Hizo ndizo pishi zote za juma lile. Pili twajumlisha siku zinazosomeka: 12 na 17 na 15 na 9 na 18, jumla 71. Tatu twatoa: 84 toa 71, zabaki 13. Jumanne alichuma pishi 13, wala hapana shaka.

Wako makarani wengine ambao wakiona pengo hujaza wastani wenyewe. Wangeandika 14, wakidhani kuwa ndiyo haki, kwa sababu 14 ni ya katikati. Siyo haki. Wakiandika 14, jumla huwa 85, na 85 ukiigawanya kwa 6 haiji 14 tena. Mwenye shamba amelipishwa pishi moja isiyochumwa. Leo ni pishi moja, lakini shamba lina wachumaji wengi, na msimu una siku nyingi.

Iko njia ya pili iliyo nyepesi zaidi kwa mtu asiyekuwa na karatasi mkononi, nayo ni njia ya kuzidi na kupungua. Tazama kila siku imezidi wastani kwa kiasi gani au imepungua kwa kiasi gani. Jumamosi imepungua 2. Jumapili imezidi 3. Jumatatu imezidi 1. Jumatano imepungua 5. Alhamisi imezidi 4. Zilizozidi zote ni 8, zilizopungua zote ni 7. Na kanuni ya wastani ni kwamba kuzidi na kupungua lazima vilingane, kama vitanga viwili vya mizani. Hapa kuzidi kumeshinda kwa 1. Basi siku iliyopotea lazima iwe imepungua 1. Kumi na nne kasoro moja ni 13. Njia mbili, jawabu moja.

Watu wa zamani walilijua jambo hili. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alitunga kitabu cha hesabu ambacho jina lake ndilo lililoleta neno aljebra. Asili yake ni neno la Kiarabu jabr, maana yake kurudishia kilichopungua, au kuunga kilichovunjika, kama mganga anavyounga mfupa. Naye hakukitunga kitabu kile kwa kujipumbaza. Sehemu kubwa yake ni masuala ya mirathi na wasia, yaani nani apate kiasi gani. Namba isiyojulikana wenye elimu ile waliiita kwa neno la Kiarabu lenye maana ya “kitu” tu. Basi hesabu yetu ya mchumaji ni 71 na kitu ni 84. Kitu ni ngapi?

TWENDE NGARA NA BIHARAMULO

Mfano wa pili tungaliweza kuuchukua katika madaftari ya matawi yetu wenyewe, lakini twayajua yatakayofuata. Huyu atasema tawi lake limetangazwa kwa ubaya, na yule atasema jirani yake amependelewa. Kwa hiyo tumeamua kwenda mbali kabisa, mpaka pembe ya kaskazini magharibi ya Tanzania, katika Mkoa wa Kagera, ambako watu hawagombani kwa karafuu. Kule wilaya mbili zapakana: Ngara, inayogusa mipaka ya Rwanda na Burundi, na Biharamulo iliyo mashariki yake. Watu wake hulima ndizi, maharage, mahindi na kahawa. Hapana mwanachama wetu atakayekasirika kwa hesabu zao.

Namba tutakazotumia ni za Sensa ya Watu na Makazi iliyofanywa Agosti 2012. Wakati huo Mkoa wa Kagera ulihesabiwa kwa mafungu manane, nayo yalikuwa na watu kama ifuatavyo:

Karagwe: 332,020
Bukoba Vijijini: 289,697
Muleba: 540,310
Biharamulo: 323,486
Ngara: 320,056
Kyerwa: 321,026
Missenyi: 202,632
Bukoba Mjini: 128,796
Jumla ya mkoa: 2,458,023

Gawanya jumla hiyo kwa 8, wapata wastani wa watu 307,252.875 kwa kila fungu. Mwanachama asishangae kuona mtu aliyekatwa vipande. Wastani si mtu wala si wilaya, ni kipimo tu.

Sasa tuseme mchwa ameula mstari wa Ngara, na jumla ya chini ameila pia, lakini wastani umesalimika. Twafanya kama tulivyofanya kwa mchumaji. Wastani 307,252.875 mara 8 ni 2,458,023. Mafungu saba yanayosomeka jumla yake ni 2,137,967. Toa hii katika ile: 320,056. Ngara imerudi, mtu kwa mtu, wala hatukumwuliza mtu yeyote wa Ngara.

Hayo ndiyo mazuri ya njia hii. Sasa twaomba wanachama wasome kwa makini masharti yake, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza.

SHARTI LA KWANZA: WASTANI USIWE UMEKATWA

Makarani wengi hawapendi nukta. Huona 307,252.875 ni namba yenye kuudhi, wakaandika 307,253 ili ikae vizuri. Haya, tuone. Namba hiyo mara 8 ni 2,458,024, na Ngara inakuja 320,057. Mtu mmoja amezaliwa kwa kalamu. Hilo twaweza kulisamehe.

Lakini mwingine atasema, “Tuandike laki tatu na elfu saba, yatosha.” Mara 8 ni 2,456,000, na Ngara inakuja 318,033. Watu 2,023 wametoweka! Wala hawakutoka kidogo kidogo katika mafungu yote manane. Wote wametoka Ngara, kwa sababu Ngara ndiyo iliyokuwa na pengo. Hili ndilo jambo la kushika. Kosa la wastani huzidishwa kwa idadi ya namba zote, kisha mzigo wote huangukia mstari mmoja uliopotea.

Tulirudishe kwenye karafuu. Tawi lina wanachama 40, na karani amekata wastani kwa kilo nzima. Kukata huko kwaweza kuleta tofauti ya mpaka nusu kilo. Nusu kilo mara 40 ni kilo 20. Basi mwanachama mmoja, yule ambaye ukurasa wake umeloa, aweza kuzidishiwa au kupunguziwa kilo 20 za karafuu kavu kwa sababu tu mtu fulani hakupenda nukta. Kila anayejua bei ya kilo moja ya karafuu na ajihesabie mwenyewe.

SHARTI LA PILI: PENGO LIWE MOJA TU

Tuseme sasa mchwa ameila mistari miwili, Ngara na Biharamulo pamoja. Mafungu sita yaliyobaki ni 1,814,481. Tukiyatoa katika 2,458,023, zabaki 643,542. Hao ni watu wa Ngara na Biharamulo wakichanganywa. Lakini ni wangapi wa huku na wangapi wa kule? Wastani hauwezi kusema. Umetupa jumla ya wawili, basi, umenyamaza.

Mtu mwenye haraka atasema, “Gawanya kati.” Nusu ya 643,542 ni 321,771. Ukweli ni kwamba Ngara ni 320,056 na Biharamulo ni 323,486. Huyu mwenye haraka amekosea kwa watu 1,715 tu kila upande, naye atajisifu kuwa njia yake ni nzuri. Asijisifu. Amepata bahati, kwa kuwa wilaya hizi mbili zilikuwa karibu sawa mwaka ule.

Mpeni sasa Muleba na Bukoba Mjini, aone. Jumla yao ni 669,106, na nusu yake ni 334,553. Lakini Muleba ilikuwa na watu 540,310 na Bukoba Mjini 128,796. Kugawanya kati kumeinyang’anya Muleba watu 205,757 na kuwapa mji wa Bukoba. Njia ni ile ile, mkono ni ule ule, lakini safari hii dhuluma imekuwa kubwa. Na karani aliyekaa mbele ya mistari miwili iliyofutika hana njia ya kujua kama yuko katika hali ya Ngara na Biharamulo, au katika hali ya Muleba na Bukoba Mjini.

Kwa pengo mbili zahitajiwa habari mbili. Tuseme mzee mmoja anayeaminika, au karatasi nyingine, inathibitisha kuwa Biharamulo iliizidi Ngara kwa watu 3,430. Hapo mambo yafunguka. Toa 3,430 katika 643,542, zabaki 640,112. Gawanya kati, wapata 320,056 ya Ngara. Rudisha ile 3,430, wapata 323,486 ya Biharamulo. Habari moja ya ziada imetosha. Pasipo habari hiyo, mwacheni kalamu apumzike.

SHARTI LA TATU: WALIOHESABIWA WAWE NDIO WALE WALE

Kabla ya mwaka 2012 Kagera ilikuwa na wilaya ya Chato, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Biharamulo. Mwaka 2012 Chato ikatolewa ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Na mwaka ule ule Kyerwa ikakatwa kutoka Karagwe ikawa wilaya peke yake. Moja imetoka na moja imeingia; mafungu yalikuwa manane, yakabaki manane.

Tazameni hatari yake. Karani mgeni akiona “nane” kwenye karatasi ya zamani, na “nane” kwenye karatasi mpya, ataona hapana kilichobadilika. Atachukua wastani wa huko na namba za huku, azidishe kwa nane, atoe, na jawabu litakuja, tena litakuja kwa heshima zake zote. Lakini halitakuwa jawabu la kitu chochote kilichopo duniani. Hata jina la Biharamulo ni lile lile, na ardhi si ile ile. Mtu akilinganisha Biharamulo ya sensa ya 2002, ambayo Chato ilikuwa ndani yake, na Biharamulo ya 2012, atasema watu wamekimbia, kumbe ni mpaka tu uliohama.

Katika matawi yetu mambo haya hutokea pia. Mwanachama amefariki na shamba limegawanywa kwa warithi watatu; au ndugu wawili wameunganisha mashamba yao; au mmoja amehamia tawi jingine katikati ya msimu na mwingine amejiunga. Idadi yaweza kubaki 40, na watu si wale 40. Basi kabla ya kuzidisha, hakikisheni wastani ule ulihesabiwa kwa ajili ya nani.

SHARTI LA NNE: WASTANI UWE WA KABLA YA PENGO

Sharti hili huwadanganya hata wajuzi. Tuseme mstari wa Ngara umepotea, na karani, badala ya kutafuta wastani wa zamani, amechukua mafungu saba yaliyobaki, akayajumlisha 2,137,967, akagawanya kwa 7, akapata 305,423.857 na kitu. Kisha, akiwa na wastani wake mpya mkononi, azidisha kwa 8, atoa yale saba, na kutafuta Ngara. Atapata nini? Atapata 305,423.857 na kitu, yaani wastani wake mwenyewe umemrudia. Amechota maji kisimani akayamwaga kisimani.

Hapa twawapa wanachama alama ya kutambulia. Mtu akikuletea namba iliyopotea, nayo ni sawasawa kabisa na wastani, mwulize wastani huo ameupata wapi. Huenda ni kweli, maana yawezekana mtu akawa na fungu lililo sawa na wastani. Lakini mara nyingi utakuta umehesabiwa baada ya pengo, na hauna habari yoyote ya yule aliyepotea. Wastani unaoweza kumrudisha mtu ni ule tu ambao mtu huyo alikuwamo ndani yake ulipohesabiwa.

PALE AMBAPO WASTANI NI HAKI YENYEWE

Isifikiriwe kuwa wastani daima ni kipimo cha mawazo tu. Huko huko Ngara, penye maporomoko ya Rusumo katika Mto Kagera, umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80, mali ya nchi tatu, Burundi, Rwanda na Tanzania, nazo zimepatana kugawana sawa. Hapo wastani ndio fungu la kila mmoja, yaani megawati 26.67 hivi, kwa sababu walikubaliana iwe hivyo kabla ya kugawana. Bali karafuu zetu hatukupatana kuchuma sawa. Kila shamba lina miti yake na kila mtu ana jasho lake. Kwa hiyo hapana haki ya kumpa mtu wastani kana kwamba tulipatana.

Na Rusumo hiyo hiyo yatupa funzo jingine, la huzuni. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka kutoka Rwanda kwa daraja la pale, wakikimbia vita na mauaji, wakaingia Ngara, na kambi kubwa ikasimama Benaco. Hapakuwa na daftari wala orodha, na chakula kilitakiwa siku hiyo hiyo.

Hapo twaona kuwa katika jambo letu viko vitu vitatu: jumla, idadi na wastani. Ukiwa navyo viwili, cha tatu hupatikana. Tuseme, kwa mfano tu, ghala limetoa kilo 4,200 za nafaka, na wastani wa kila mtu ni nusu kilo. Gawanya, wapata watu 8,400. Lakini kwa hakika umehesabu mafungu yaliyotolewa, hukuhesabu watu. Aliyechukua mara mbili amehesabiwa wawili, na mjane aliyesukumwa nyuma akakosa hakuhesabiwa kabisa. Hesabu hurudisha yale yaliyoingizwa ndani yake, haina macho ya kuwaona waliobaki nje. Ndiyo maana katika kazi za namna hiyo hapana budi kurudi kwa watu wenyewe na kuwaandika kichwa kwa kichwa, na ndiyo maana sisi nasi, tukiwa na shaka, yatupasa kurudi kwa mwanachama na stakabadhi yake ya mizani.

YATUPASA TUFANYE NINI

Kwa ajili ya hayo yote, twawaomba makarani wa matawi wayashike mambo haya matano:

1. Chini ya kila safu iandikwe jumla kwanza, ndipo wastani. Jumla haina nukta za kukatwa, na karani akiwa nayo hana haja ya kuzidisha.

2. Kando ya wastani iandikwe idadi ya watu waliohesabiwa na tarehe. Wastani usio na idadi ni kama barua isiyo na anwani.

3. Nukta zisikatwe daftarini. Mwenye kutaka namba fupi ya kusomea mkutanoni na aikate mdomoni, asiikate kwenye karatasi.

4. Pengo likiwa moja na masharti yote manne yametimia, namba ijazwe kwa wino wa rangi nyingine, na pembeni paandikwe kuwa imepatikana kwa hesabu. Mwanachama mwenyewe aonyeshwe, na kama ana stakabadhi ilinganishwe. Zikipingana, stakabadhi ya mizani ndiyo ifuatwe mpaka jambo lichunguzwe.

5. Pengo zikiwa mbili au zaidi, au sharti moja likikosekana, pasijazwe kitu. Paachwe patupu, na ofisi ijulishwe. Hapana aibu katika kuandika “haijulikani.”

Na ninyi wanachama, kila mmoja na aitunze karatasi yake ya mizani mpaka msimu mwingine uingie. Daftari la tawi ni shahidi mmoja, karatasi yako ni shahidi wa pili. Wastani ni shahidi wa tatu. Ni mkweli, lakini hujibu swali moja tu.

ZOEZI LA BARAZANI

Ili wasomaji wajaribu wenyewe jioni wakiwa barazani, twaleta hesabu ya nyumbani. Katika sensa ile ile ya 2012, mikoa mitano ya Zanzibar ilikuwa na wastani wa watu 260,713.8 kwa mkoa. Kaskazini Unguja ilikuwa na 187,455, Kusini Unguja 115,588, Mjini Magharibi 593,678 na Kaskazini Pemba 211,732. Je, Kusini Pemba ilikuwa na watu wangapi?

Jaribuni kabla ya kusoma mstari unaofuata, na mpeni kijana wa shule aliye nyumbani naye ajaribu.

Jawabu: 260,713.8 mara 5 ni 1,303,569. Mikoa minne ni 1,108,453. Kusini Pemba ni 195,116. Na tazameni jambo moja zaidi: katika mikoa hiyo mitano, minne yote iko chini ya wastani, na Mjini Magharibi peke yake uko juu. Mtu angeijaza Kusini Pemba kwa wastani, angeliongezea watu zaidi ya 65,000 ambao hawakuwako. Hesabu ya kutoa haikumwongeza hata mmoja.

Wenye maswali na wayalete ofisini, au wayaseme katika mkutano wa tawi, nasi tutayajibu hapa hapa penye nafasi.

Katibu wa Chama